Kila Moto na Njia Yake

Mbambu hakuogopa biashara wala safari ndefu. Alitoka Butembo akiwa msichana, akaja Lubumbashi kuuza unga na mafuta kwa jumla, akafikia hatua ya kujijengea nyumba katika mtaa wa Makomeno. Alichoogopa ni moto wa ndani.

Katika baridi ya Juni iliyopita, walipokuwa bado katika nyumba ya kupanga, mama yake mzee, Kanyere, aliingiza babula, jiko la makaa, chumbani, akafunga dirisha, akajilaza. Mbambu alimkuta amelegea, haitiki. Alimburuta hadi uani akipiga kelele. Mzee alipona, lakini Mbambu aliapa kwamba makaa hayataingia tena chumbani mwao.

Ndiyo maana nyumba mpya ilipangiwa meko mawili ya kuni: moja sebuleni, jingine chumbani kwa mama, yakipeana mgongo. Mwashi wao, Stanislas, alitaka yote mawili yatumie dohani moja.

"Na kama moto inawaka upande moya tu?" Mbambu aliuliza. "Moshi haitapita upande ingine?"

"Hapana, Mama. Moshi inapenda kupanda."

Hakuridhika, lakini Stanislas alikuwa amejenga nyumba nyingi. Akamwachia.

Siku ya kujaribu, Stanislas aliwasha kuni za sebuleni na kutupia majani mabichi ili moshi uonekane vizuri. Kisha alitoka akasimama uani na Mbambu, wakitazama juu ya paa. Moshi uliotoka ulikuwa mwembamba mno.

"Stanislas, moshi ingine iko wapi?"

Kabla hajajibiwa, alisikia kikohozi. Akageuka. Kiti cha barazani alichokuwa amekalia mama yake kilikuwa kitupu.

Walikimbia ndani. Mzee alikuwa ameingia kuona chumba chake, na mlango mpya ulikuwa umekwama. Moshi ulipenya chini yake.

"Mama! Lala chini!" Mbambu alilia, akiusukuma mlango kwa bega. Haukusogea. Stanislas alirudi nyuma, akaupiga teke, mara ya pili ukafunguka. Walimtoa Kanyere machozi yakimtiririka, anakohoa, lakini anaongea: anawagombeza.

Stanislas alikaa juu ya tofali.

"Ni mie, Mama," alisema. "Unisamehe."

"Bomoa."

"Yote?"

"Toka juu mpaka chini. Kila moto ikuwe na njia yake."

Alibomoa. Safari hii alijenga njia mbili zilizotengwa kwa ukuta wa tofali tangu mekoni, akazipandisha juu kuliko kilele cha paa, na katika kila chumba akaacha tundu la kuingiza hewa. Ilipofika siku ya kujaribu tena, hakukubali mtu mwingine aingie. Aliwasha moto sebuleni, akajifungia chumbani kwa mzee.

Mbambu alibaki mlangoni, mkono kwenye kitasa.

"Stanislas!"

"Niko!"

Kuni zilishika, zikaanza kulia. Akaita tena. Kimya. Akagonga mlango.

"Stanislas!"

"Niko, Mama! Nilikuwa nanusa."

"Unasikia harufu gani?"

"Ya rangi tu."

Alipotoka, macho yake yalikuwa makavu. Mbambu aliingia, akasimama katikati ya chumba akivuta pumzi, akapitisha kiganja mbele ya meko yaliyokuwa baridi. Kanyere, aliyekuwa barazani, aliuliza kama sasa anaweza kuletewa kitanda chake.

"Kesho, Mama," Mbambu alijibu. "Leo acha dirisha ibaki wazi."