Siku Niliyoshusha Basi Kwenye Barafu

Niliajiriwa na familia moja ya Mirdif, mtaa wa Dubai, kama dereva mzoefu, na uzoefu nilikuwa nao kweli: miaka tisa ya basi dogo Tanga, mitatu ya Dubai. Lakini sikuwahi kuendesha juu ya barafu, na hakuna aliyeniuliza. Nani angeuliza, katika mji ambao usukani unakuunguza viganja kabla ya saa nne asubuhi?

Ilikuwa majira ya baridi. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, na asubuhi ya tatu madam akatoka ndani ameshika simu. Dada yake alikuwa amemtumia picha za mlima mmoja wa Ras al-Khaimah, kilele chote cheupe. Sir, mumewe, alikuwa safarini.

"Yalla, tunakwenda," akasema. "Watoto hawajawahi kuona theluji."

"Madam, barabara itakuwa inateleza."

"Wewe si dereva?"

Mtu ambaye viza yake iko mikononi mwa nyumba hajibu swali kama hilo. Nikawasha basi la familia, la gia za mkono, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Madam alikaa mbele, pembeni yangu. Nyuma walikaa mabinti zake wawili, mkubwa wa miaka saba na mdogo wa minne, pamoja na yaya wao, dada wa Uganda aliyetoka kwenye vilima vya mpakani na Rwanda.

Kupanda hakukuwa na shida, jua lilikuwa limetoka. Juu watoto walifinyanga mabonge ya barafu wakarushiana, madam akapiga picha. Mimi nilibaki kuangalia wingu lililokuwa linakuja kutoka upande wa Omani. Nikasema tuondoke. Akasema dakika tano. Zilikuwa bado hazijaisha pale mvua ya mawe ilipoanza kupiga bati la gari kwa kishindo, na lami yote ikawa nyeupe.

Tukaanza kushuka. Kwenye kona ya tatu, upande ambao mwamba huzuia jua, nikakanyaga breki.

Sehemu ya nyuma ya gari ikaondoka. Sijui niseme vipi tena. Mbele tulikuwa tunaelekea chini, na nyuma ilikuwa inatupita kwa pembeni, taratibu, kimya, kama kitu kisichotuhusu. Nilizungusha usukani, haukuwa na uzito wowote. Dirishani kwa madam, upande wa kulia, niliona kingo za chuma, na nyuma ya kingo hakukuwa na kitu, hewa tu na ukungu. Nikaachia breki, kwa woga na wala si kwa ujuzi, magurudumu yakashika kidogo, na gari likasimama limekaa mshazari, bampa ya nyuma karibu igusane na chuma.

Mtoto mdogo akacheka. Alidhani ni mchezo.

"Mbona umesimama?" madam akauliza, lakini sauti ilikuwa imembadilika.

Nikavuta breki ya mkono, nikampigia simu dereva wa nyumba ya jirani, Mpakistani mtu mzima aliyewahi kuendesha malori kwenye milima ya theluji ya kwao. Tulizungumza Kiarabu chetu cha kuokota barabarani.

"Ndugu yangu, niko kwenye barafu. Nyuma inakimbia."

"Breki uliikanyaga?"

"Ndiyo."

"Khalas, iache. Gia ya pili, mguu uwe mwepesi. Nyuma ikienda kulia, usukani kulia. Kushoto, kushoto. Usishindane nayo. Halafu nyuma kwako ni kwepesi, weka uzito juu ya magurudumu."

Nikakata simu, nikamgeukia mwajiri wangu. "Madam, siwezi kuendesha na watoto ndani. Shukeni, mpite upande wa mwamba mpaka kona iishe."

Hilo lilikuwa neno langu la kwanza la kumkatalia. Nilisubiri anifukuze pale pale. Alitazama kingo, akatazama mabinti zake, akashuka. Akambeba mdogo, akamshika mkubwa mkono, viatu vyake vyembamba vikizama kwenye ile mvua ya mawe.

Mimi na yaya tukaokota mawe ya kando ya barabara, tukayapanga ndani ya gari, juu ya magurudumu ya nyuma, mpaka vidole vikafa ganzi. Nikamwambia aende na wenzake. Badala yake akapanda, akakaa kiti cha mwisho kabisa.

"Dada, shuka."

"Kwetu gari likiteleza kwenye matope watu wanapanda nyuma," akasema. "Mimi ni mzito. Twende, kaka."

Sikuwa na nguvu za kubishana. Nikaachia klachi kidogo kidogo. Gari likasogea. Katikati ya kona nyuma ikaanza tena kuondoka, kulia, kuelekea kwenye chuma, na kila kitu mwilini mwangu kilitaka kukanyaga breki. Niliuzuia mguu. Nilipeleka usukani kulia, upande ule ule wa hatari, nikihisi kama najitupa mwenyewe. Nyuma yangu yule dada, aliyekuwa akisali kwa sauti ya chini tangu tuondoke, aliacha kusali. Kisha magurudumu yakashika, basi likanyooka, na mbele yetu nikaona lami nyeusi.

Madam alipotufikia alikuwa analia bila sauti. Alipanda, ila hakukaa mbele. Alikaa nyuma, kati ya watoto, karibu na yule dada.

Hakunifukuza. Sir hakuambiwa kitu. Nilikaa nyumba ile miaka miwili zaidi, na nikisema barabara si salama, alikuwa anaweka mkoba chini na safari inaishia hapo.

Yule dada nilimuuliza siku chache baada ya safari ile, akianika nguo uani, kama hakuogopa. Akaweka kikapu chini.

"Niliogopa sana," akasema. "Lakini nilikuona mgongo. Ulikuwa unatetemeka kama mtu mwenye homa. Nikafikiri, huyu akiwa peke yake hatafika."

Nilimsaidia kuanika mashuka yaliyobaki.