Kaya ya Wanaume Kumi na Mmoja

Mtaa wetu wa Nyahanga ulipoahidiwa bomba la maji, walitafutwa watu wa kuorodhesha kaya. Shule ninayofundisha ilikuwa likizo, nikaomba, nikachukuliwa. Tulifundishwa siku mbili ukumbini, kwa chai na maandazi. Mtaalamu aliyeletwa kutoka Dar es Salaam alituambia kaya ni watu wanaokula chungu kimoja na kumtambua mkuu mmoja. Kisha akatupa aina zake: kaya duni, ya kati na inayojiweza. Mwenye kochi na king'amuzi hakuwa duni, hata kama hajala tangu jana.

Nyumba yangu ya kwanza kuorodhesha ilikuwa ya vyumba vya kupanga. Walikaa wachimbaji wa dhahabu, wanaume kumi na mmoja, hakuna hata mmoja mwenye sufuria. Nikauliza wanakula wapi. Wakanionyesha mama lishe aliyekuwa akisonga ugali pale pale barazani. Nikauliza mkuu wao nani. Walitazamana, halafu mmoja akasema ni huyo mama, maana akiugua yeye wote wanalala njaa.

Mama mwenyewe hakucheka. "Andika, Mwalimu," alisema. "Kaya moja, mkuu mimi. Wategemezi kumi na mmoja, wote wazima na hawaoshi sahani."

Nikaandika. Kwa kipimo chetu wenyewe, alikuwa sahihi.

Mtaalamu alipokuja kuhakiki, alifuta. Vumbi lilimzuia kushuka garini, kwa hiyo alihesabu milango kupitia kioo, akagawanya anavyojua mwenyewe, akapata kaya tatu. Kwa mwenyekiti wa mtaa alishuka, akanywa soda. Mzee yule na mkewe, pamoja na banda la kuku lenye madirisha, wakawa kaya nne zenye uhitaji. Nilisaini fomu zote. Nilitaka niitwe tena.

Kwa hesabu hiyo, bomba likawekwa getini kwa mwenyekiti. Asubuhi ya kwanza mama lishe alifika na wachimbaji wake wote, kila mmoja na madumu mawili, wakaziba geti. Mwenyekiti alitoka na taulo kiunoni, akauliza hawa watu ni wa nani.

"Wangu," alijibu mama.

Walikuja kila alfajiri. Mwezi haukuisha, mwenyekiti akaandika barua mwenyewe kuomba bomba lihamishiwe kwenye vyumba vya kupanga, eti kelele zinamsumbua mkewe. Likahamishwa.

Nikipita pale, mama hunikaribisha ugali. Sijawahi kukaa. Naona aibu.