Sahani Yangu Mwenyewe

Kwenye kiwanda chetu kidogo cha kamba za mkonge, pale Usagara, kila mchana wanawake wote tulikula sinia moja. Mama mmoja wa Pangani, mkubwa wetu, ndiye aliyechambua samaki. Alitoa miiba, akamsogezea kila mtu mnofu upande wake. Mimi mama yangu alishafariki, na nyumbani naishi peke yangu. Mnofu ule niliungoja tangu asubuhi.

Akaja meneja mpya na sheria zake. Mchelewaji afagie vumbi la mkonge uwanja mzima. Mfanyakazi bora ale barazani kwenye meza ya meneja, sahani yake mwenyewe, na kuku, mwezi mzima. Mimi mikono yangu myepesi, na kushindwa sipendi. Nikashinda.

Siku ya kwanza kuku alikuwa mtamu. Meneja alikula macho yake yakiwa kwenye simu, hata chumvi hakunisogezea. Kule kwenye sinia wenzangu wakaangua kicheko, nami nikanyoosha shingo nisijue wanacheka nini.

Mwezi ulipokwisha nilinawa mbiombio, nikaenda kwenye sinia. Hakuna aliyejisogeza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwenzetu ushazoea kuku," akasema mama wa Pangani. "Dagaa hawa si watakukwama?"

Wakacheka. Nikacheka nao, roho inaniuma. Nilikula mihogo ya kununua, nimeegemea ukuta.

Basi nikaitafuta adhabu. Kabla sijashinda, kila aliyepewa ufagio tulimwendea, tukafagia naye huku tukimtania, meneja akabaki kufoka. Kwa hiyo asubuhi moja nilikaa nyumbani makusudi hadi jua likapanda. Nikapewa ufagio. Nikafagia nikiutazama mlango, na hakutoka mtu. Wahenga wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi langu nililila peke yangu.

Nilipomaliza, wenzangu walikuwa wameshakula na mama wa Pangani amekwenda kuswali. Kwenye ngazi ya baraza nikakuta sahani imefunikwa kawa. Ndani mlikuwa na wali na samaki aliyechambuliwa vizuri, hana mwiba hata mmoja. Nilijua ni mkono wa nani.

Nikakaa palepale, nikala huku nalia. Heri angeniachia miiba yote, mradi angeniita kwenye sinia.