Tambi Zenye Hasira

Saa moja asubuhi watu wa Kitakata, mji wa Japani, hupanga foleni ya bakuli la rameni, tambi za mchuzi moto, theluji mabegani, kama watu waliosindikizwa na usingizi hadi mlangoni, nao ukakataa kurudi nyumbani.

Hatsue amewapikia miaka hamsini. Mchuzi wake ni wa nguruwe na dagaa wakavu, mwepesi, unaona mpaka chini ya bakuli. Lakini watu hawafuati mchuzi. Wanafuata tambi: nene, bapa, zilizofinywa kwa mkono hadi zikajikunja kama mawimbi, kabla ya kuchemshwa.

Juzi kifundo cha mkono wake kiligoma. Jana akatangaza kwamba mzee Kumagoro akisema tambi si zenyewe, mkahawa unafungwa. Kumagoro, tarishi mstaafu, hula amefumba macho, na hajawahi kukosea.

Wa kufinya alibaki Mitsuyo, mke wa mwanawe, mzaliwa wa Hakata, ambako tambi ni nyembamba na zimenyooka kama uzi wa cherehani.

"Unazipapasa," Hatsue alimwambia. "Tambi hizo, mwanangu, si mume."

"Mume mwenyewe simpapasi, mama. Ukishamaliza kumtuma, anarudi kwangu gunia tupu."

"Basi kwenu hamna mikono. Mna vidole tu."

Mitsuyo alizikamata tambi akazifinya kama anakamua blanketi. Unga ukapaa, ukachanganyika na mvuke, na kwa kitambo Hatsue hakujua theluji inaanguka nje au ndani. Mikono iliyokuwa inazama na kuibuka katika ule weupe haikuwa na umri wala mwenyewe.

Kumagoro akaketi, akafumba macho, akavuta tambi. Akatafuna polepole. Mkahawa mzima ukamgeukia.

"Hatsue," akasema, macho bado yamefumbwa, "leo zina hasira."

Hatsue akatazama pazia la mlangoni, lile ambalo lingeshushwa mkahawa ukifungwa. "Mbaya?"

"Nimewahi kuzila hizi. Mwaka ule ulipoletwa hapa bibi harusi. Mama mkwe wako alikuwa na mdomo, yule." Akainua bakuli, akanywa mchuzi mpaka mwisho. "Halafu ukazoea, zikapoa. Nilinyamaza tu, lakini nilizikosa."

Ndani ya mvuke mtu alicheka, na haikuwa sauti ya Hatsue.

"Mitsuyo," Hatsue akasema, "finya za bakuli linalofuata. Na usicheke, utaziharibu."