Nilimpa Mdogo Wangu Kadi ya Bima, Mtoto Akaandikwa Wangu

Admin, shikamoo kama umenizidi umri, na jina langu naomba likae kwako tu. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mtumishi wa serikali hapa Morogoro mjini. Niliolewa nikaachika kwa sababu ya uzazi, hilo silizungumzi zaidi maana silo lililonileta. Kilichonileta ni mdogo wangu wa tumbo moja, na kitu ninachomfanyia huku namchekea.

Mdogo wangu alipata mimba akiwa nyumbani kwetu Matombo, aliyempa mimba akaingia mitini. Kliniki wakamwambia mtoto amekaa vibaya tumboni, atazaa kwa upasuaji. Nikamwita mjini. Marehemu baba alikuwa akisimulia enzi zao mtu anaingia hospitali mikono mitupu anatoka amepona. Siku hizi hata glovu unakwenda nazo mwenyewe, na ukitaka kuhudumiwa kama mtu unakwenda hospitali binafsi, zile zenye marumaru na maua ya plastiki mapokezi. Huko bila bima au fedha za maana hata salamu yako wanaipokea nusu nusu. Mdogo wangu alikuwa anauza ndizi. Mimi nilikuwa na bima ya kazini, nakatwa kila mwezi na siumwi hata mafua. Nikampa kadi yangu.

Najua mtasema ni wizi. Ni wizi. Lakini nionyesheni familia ambayo haijawahi kuazimana kadi ya bima. Sisi tunafanana sana, na kwenye picha za kadi kila mtu anafanana na mtuhumiwa. Nikamfundisha jina langu, mwaka wangu wa kuzaliwa na ofisi ninayofanyia kazi. Dada wa mapokezi akaitazama kadi, akamtazama mdogo wangu, akasema, "Kwenye picha ulikuwa mnene, mama." Mdogo wangu akajibu, "Mimba imeninyonya, dada yangu." Tukapita.

Alizaa salama, mtoto wa kike. Wodini manesi walimwita mdogo wangu kwa jina langu, na mimi nimesimama pembeni na chupa ya uji naitwa mama mkubwa. Walipotoa tangazo la kizazi, ile karatasi unayokwenda nayo kuombea cheti cha kuzaliwa, palipoandikwa mama palikuwa na jina langu. Mdogo wangu akashtuka. "Dada, sasa itakuwaje?" Nikamwambia anyonyeshe mtoto, hayo tutarekebisha. Dhambi yangu kubwa inaanzia hapo. Niliposoma ile karatasi, moyo wangu ulifurahi. Mdogo wangu hajatolewa hata nyuzi, mimi nilishakwenda kufuatilia cheti, na hakuna aliyenituma.

Mtoto akawa na pumu. Kule Matombo mlimani baridi na ukungu vilikuwa vinambana, na kwa kuwa kwenye makaratasi ni mwanangu, nikamwingiza kwenye bima yangu. Akaja kwangu Kihonda atibiwe kidogo, na hicho kidogo kikawa miaka. Sasa yuko darasa la kwanza. Mimi ananiita mama, mama yake anamwita Mama Matombo. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo hata mama yetu alipoambiwa alisema hakuna kilichopotea, mtoto hajatoka nje. Nami nikajificha humo humo.

Sasa mwaka huu mdogo wangu ameolewa Mkuyuni, na fundi seremala, kijana mwenye utu. Mume amesema mtoto aje, yeye atamkatia bima. Wakaja wote wawili wamevaa vizuri, wamebeba mkungu wa ndizi na kuku. Mdogo wangu akasema kwa adabu zote, "Dada, tulikuwa tunaomba turekebishe cheti, mtoto aje nyumbani." Nilimvuta jikoni. Nikamwambia tukikigusa kile cheti tutafungwa wote wawili, na yeye ndiye wa kwanza, maana ndiye aliyelala kwenye kitanda cha watu kwa jina lisilo lake. Nikaongeza kwamba mtoto hatatibiwa tena popote. Ndugu zangu, mimi sijawahi kumuuliza mwanasheria yeyote. Niliyatunga palepale huku nageuza maharage. Akarudi sebuleni akamwambia mumewe wasubiri kwanza.

Wiki iliyopita ilikuwa siku ya wazazi shuleni, mdogo wangu akaomba aje na yeye aone mtoto anavyosoma. Mwalimu akamuuliza, "Na wewe mama, ni nani kwa mtoto?" Mimi nilikuwa hapo hapo, madaftari ya mtoto yako mapajani kwangu. Kabla sijafungua mdomo akajibu, "Mimi ni mama yake mdogo, mwalimu." Tulipotoka nje hakulalamika hata neno. Alinishika mkono akasema, "Asante dada kwa unavyonitunzia. Usiwe na wasiwasi, mimi sitakuponza." Anadhani ananilinda mimi.

Kwa hiyo nimekuja kwenu. Nikikiri, kazi naweza kuikosa, na kuhusu bima sijui watanifanya nini. Nilianza kuwaandikia kwamba naogopa jela, nikafuta, maana nitakuwa nimewadanganya na ninyi. Ninachoogopa ni kufungua mlango jioni nikute hakuna mtu wa kuniita mama. Waliopitia kama haya, na hata mtakaonitukana, nishaurini jambo moja tu: namwambiaje mdogo wangu, anayeninyamazia kwa mapenzi, kwamba yale ya jela niliyatunga kwa sababu sitaki kumpa mtoto wake?