Hatua Sitini za Mama Klementina

Coleta, Mama Klementina, ni mfupi kiasi kwamba mumewe, Rafaeli, amemkatia mpini wa jembe mara mbili na bado unamzidi. Kanisani akipiga magoti au akisimama, aliye nyuma yake haoni tofauti.

Lakini mwaka ule kilichomkosesha raha hakikuwa kimo. Kilikuwa kijito kinachopita chini ya nyumba yake, ng'ambo ya mji mdogo wa Mpui. Zamani kiliwahi kumchukua yeye na ndoo yake, wakamwopoa kwenye matete akiwa bado ameing'ang'ania ndoo. Sasa ikifika Septemba alichota kwa kikombe, na kujaza ndoo moja kulimaliza rozari nzima na litania juu. Watu walikuwa wamelima mpaka kwenye matope. Hata yeye, kusema kweli. Kabichi zake nazo zilikuwa zinanywa humo humo.

Kwa hiyo mtendaji wa kijiji, Herieth, alipoitisha mkutano wa kupitisha sheria ndogo ya kulinda mto, Coleta alifika wa kwanza. Herieth akasoma: "Ni marufuku kulima karibu na kingo za mto. Atakayekiuka, hatua zitachukuliwa."

Mzee Eustaki, mwenye vitunguu kando ya maji, akainua fimbo.

"Mwanangu, hatua ngapi?"

"Shikamoo babu. Ni hatua za kisheria."

"Marahaba. Ndizo ninazouliza. Ngapi, toka majini?"

Herieth akapekua daftari; namba haikuwamo.

"Sitini," mtu akasema, kwa kuwa redioni alisikia sitini ya kitu fulani.

"Sitini za nani?"

Macho yakamgeukia Kija, mfugaji ambaye akipanda baiskeli miguu huburuta chini.

"Si za huyu," Eustaki akasema. "Huyu akichukua sitini atatokea Laela."

"Mimi sina bustani, babu. Ng'ombe wangu wanataka maji tu. Nipeni nianze."

"Kaa chini, mlingoti wewe." Mzee akazungusha macho mpaka yakashuka kwa Coleta, akatabasamu kama mtu aliyeokota kuku. "Zichukuliwe za Mama Klementina."

Mikono ikapanda. Wenye vitunguu wakanyoosha miwili miwili. Herieth, ambaye mikutano mitatu ilikuwa imemvunjikia mkononi, akaandika haraka kabla hawajageuka: hatua sitini, za Coleta. Sheria ikapita.

Coleta peke yake hakupiga makofi. Alijua miguu yake. Sitini zake zisingevuka hata matuta ya Eustaki. Hiyo ingekuwa sheria ya kuwalinda vyura.

Wakateremka wote mtoni. Akavua kandambili, akampa Rafaeli, akakaza kanga kiunoni.

"Unafanya nini, mke wangu?"

"Nachukua hatua."

Akaruka. Kija akamfuata na vigingi, akihesabu kwa sauti ya mnadani. Kufikia ya kumi na tano vitunguu vya Eustaki vilikuwa nyuma yao. Ya ishirini na mbili ikamfikisha kwenye kabichi zake mwenyewe, nono, zimefunga vizuri.

"Punguza, mama," Rafaeli akanong'ona. "Hizi ni zetu."

Coleta akazitazama. Akaruka ndefu kuliko zote.

"Hiyo si hatua," Eustaki akalalamika nyuma, akihema. "Huo ni mruko. Mtendaji, andika mruko."

Herieth akafunua daftari. "Imeandikwa hatua za Coleta, babu. Haikuandikwa azichukueje."

Ya arobaini alikaa chini, mguu mmoja ameuchomeka ardhini asije mtu akasema aanze upya. Akavuta pumzi, akaendelea. Ya sitini ilimwangusha kifudifudi kwenye njia ya ng'ombe, na Kija akapigilia kigingi pale pale kilipofika kidole gumba cha mguu wake.

Kisha akarudi akichechemea mpaka bustanini kwake. Kabla hajaambiwa na mtu, akang'oa kabichi ya kwanza, akampelekea Eustaki aliyekuwa amejiinamia juu ya jiwe.

"Chukua, baba. Ukishang'oa vitunguu, utaiunga navyo."

Mzee akaipokea, akaipima mkononi.

"Una miguu ya panzi wewe," akasema, akaanza kukunja suruali ashuke kwenye vitunguu.