Paipu ya Rejeta na Pua ya Mama Mkwe

Mimi ni fundi magari wa Masasi, na juzi paipu ya rejeta imenivua nguo. Chekeni, nimestahili.

Gari langu lilikuwa linachemsha kwa sababu paipu ya maji ilipita karibu mno na ekzosi. Asubuhi ya kumrudisha mama mkwe kwake Newala, nikaihamisha. Niliizungusha nyuma ya betri, nikaikaza kwa kipande cha mpira wa tyubu, nikajisifu mwenyewe. Kisha nikanyakua dumu chini ya meza, nikajaza rejeta haraka haraka.

Tulipokuwa tunapanda mlima wa Newala, mke wangu na mama yake wakiwa kiti cha nyuma, paipu ikachomoka na mvuke ukatanda. Ukanuka uraka, pombe ya mabibo niliyomwapia mke wangu kwamba nimeiacha! Kumbe dumu lile halikuwa la maji. Ni lile nililolificha.

"Labda ni mabibo yaliyooza huko mashambani," nikasema.

Mama mkwe akashuka, akanusa taratibu. "Mimi nimezaliwa kijijini Mnyambe, mkwe wangu. Huu uraka ni wa kwetu."

Mke wangu akanigeukia. "Baba Neema, kumbe hii ndiyo mashine ya kusaga unayokwenda kuitengeneza Mnyambe kila Jumamosi?"